Shangazi Kadzo, Nilitia Magadi

Shangazi Kadzo,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo nikatega sikio, maana nimezoea uniitikie kwa kejeli: "Marahaba, balozi wa Italia, leo umekula?" Basi sijala. Nimeketi langoni kwa mfereji, juu ya jiwe lako, bwawa limejaa mbele yangu, na sufuria ya pure ya mahindi na kunde iko motoni haijaiva. Nakwandikia kwa kalamu aliyoisahau mgeni mmoja kwenye boti yangu. Usiniulize kama kweli aliisahau.

Ufunguo wa lango la maji hauko kwangu tena. Nitafika hapo, nipe muda, maana hilo ndilo lililoniketisha niandike, na mimi na kuandika wajua tulivyoachana mapema.

Kwanza habari za nyumbani. Mbuzi wako mweusi kazaa mapacha, wote wakorofi kama mama yao. Redio yako niliichukua mimi kabla binamu hawajaamka siku ya matanga, lakini haisemi, nadhani imesusa. Na bwawa letu sasa lina jina kubwa, Shangazi. Waja watu kutoka Watamu, kutoka Nairobi, waja na wanafunzi kwa mabasi, wote wataka kuona viboko na ule ukuta unaozuia maji. Na nani awatembezaye? Mimi, Karisa, niliyeacha shule darasa la sita kwa sababu mwalimu alikuwa ameishiwa na mambo ya kunifunza. Nina Kiitaliano, nina Kiingereza, nina Kijerumani cha kuombea radhi. Kutoka hapa hadi Gede hakuna mtembezaji wa kunishika hata kivuli.

Lakini kazi imepoa tangu uondoke. Hakuna wa kunikatiza. Wakumbuka nilivyokuwa nikisimama juu ya ukuta nawaambia wageni kwamba babu yangu aliujenga peke yake, yeye na ng'ombe mmoja? Nawe uko hapa chini wapukuchua kunde, wapiga kelele: "Mwongo huyo! Ukuta tumejenga sisi wanawake! Mchanga tumeubeba kwa karai kichwani, mimi kifua bado sina!" Wageni wakaniuliza huyu mama asemaje. Nikawaambia asema karibuni sana. Wakakupigia makofi, nawe ukawapungia mkono huku ukinitukana kwa Kigiriama, matusi ambayo mpaka leo sijapata mtu wa kunitukana kama hayo.

Siku moja tu hukunitania. Ulikuwa mwaka ule wa kiangazi kirefu, maji yakashuka mpaka vile visiki vya minazi vikatokeza katikati ya bwawa. Ukanionyesha kwa kidole: pale palikuwa na jiko la mama, pale palikuwa na kisima, pale tulimzika kaka yangu mdogo. Ukasema, "Mji wetu umelala humo, Karisa, ili watu wa Malindi wafungue bomba waoge."

Lile bomba kubwa la mjini bado halina zamu, lanywa kwanza, ingawa rafiki yangu wa Kisumu Ndogo, huko huko Malindi, aniambia bomba lake la nyumbani lakohoa upepo tu siku tatu kwa wiki. Sisi twabaki na masalio, na masalio ndiyo uliyoyagawa wewe: kwetu sisi watu wa juu, na kwa kina Mama Sidi, watu wa chini.

Wageni huniuliza mbona langoni pana mafiga matatu. Nawaambia hiyo ndiyo saa yetu. Mahindi na kunde yakiwekwa motoni, maji yafunguliwa upande mmoja. Pure ikiiva, lango lageuzwa upande wa pili. Wenye zamu ndio waletao mahindi, na wanaongoja ndio waletao kuni. Hapo huwaacha wafikiri. Mwenye zamu ataleta mahindi ya mwaka juzi, magumu kama changarawe, yasiive upesi. Anayengoja ataleta kuni kavu za kuwaka kama zina petroli. Ujanja wakutana na ujanja, na haki yapatikana katikati. Kisha wote huketi wakala sufuria moja, na ni vigumu kumpiga jembe mtu mliyechovya naye. Kuna injinia mmoja mzee kutoka Milano alivua kofia kabisa. Akauliza nani alibuni. Nikasema shangazi yangu. Kati ya yote ninayowaambia wageni, hilo ndilo lisilo na chumvi.

Basi ulipokwenda, wazee wa kamati ya maji wakanipa mimi ufunguo. Mzee Charo alisema nimepewa kwa kuwa nililia kuliko wote. Nikauvaa shingoni na kile kikamba chako ulichokisokota kwa pindo la leso. Nilikwenda nao mpaka Malindi, mpaka Kikambala, nimefungua vifungo viwili vya shati ili uonekane. Watu walidhani ni ufunguo wa benki. Sikuwakatalia.

Sasa nisikilize, na usinyanyuke huko ulipolala.

Jumamosi moja walikuja wageni wengi kutoka hoteli ya Kikambala. Walitaka kuona lango likigeuzwa, maji yakiruka, wapige picha, na saa sita walitakiwa wawe wameondoka. Zamu ilikuwa ya watu wa chini. Mahindi yao ndiyo kwanza yachemka, na yalikuwa yale ya mwaka juzi. Niliyatazama, yakanitazama. Mfukoni nilikuwa na magadi, mke wangu aliniagiza ya kupikia mboga. Nikakatupa ndani kapande kadogo, kama ncha ya kidole gumba. Shangazi, ile pure ililainika kama imetishwa. Nikapiga kelele "Tayari!", nikageuza lango, maji yakaruka kuja kwetu, wageni wakanipigia makofi, nami nikasimama juu ya lango nimetanua miguu kama gavana.

Wageni wakaondoka. Tukaketi kula. Mama Sidi akatia tonge moja mdomoni, akalishika humo bila kutafuna, akatutazama mmoja mmoja. Akasema, "Nani katia magadi kwenye saa?"

Kila mtu akainamia tonge lake. Akanawa mkono, akasimama, na watu wote wa chini wakasimama naye. Chakula kikabaki. Huko mashambani mwao mahindi yalikuwa yanatoa mbelewele, na nusu ya mistari haikuonja hata tone.

Zamu yetu iliyofuata hawakuleta kuni. Vijana wao wakasikika wakisema wataukata mfereji kwa majembe. Wetu wakasema watalala langoni na mapanga. Miaka yote uliyokaa kwenye jiwe hili hakuna aliyemwinulia mwenzake hata mwiko, nami nimekuja na magadi ya kupikia mboga nimebomoa yote. Na unajua nilisema nini nilipoulizwa? Nilisema labda mahindi yalikuwa mapya. Kisha nikasema labda ni maji ya bwawa siku hizi. Siku nne nilidanganya, na uongo wangu wa kawaida una utamu, lakini ule ulikuwa mchungu mdomoni mwangu mwenyewe.

Nilikuja kaburini kwako nikuulize nifanye nini. Nikamkuta mbuzi wako anatafuna shada la maua. Nikakaa. Nilitaka unitukane tu. Tusi moja, Shangazi. Lingenitosha.

Nikaenda kwa Mama Sidi asubuhi kweupe, kwa miguu, watu wakiniona. Mlangoni nilijaribu mzaha mmoja, ukaanguka chini kama embe bovu. Nikasema, "Shikamoo mama. Ni mimi niliyetia." Alikuwa akipepeta, hakuacha. Akasema alijua siku ile ile, alikuwa akingoja nije mwenyewe. Nikauliza nifanyeje. Akasema, "Ufunguo." Nikamwambia huu ni wa shangazi yangu. Akaweka ungo chini ndipo akanitazama: "Ufunguo ni wa lango, mwanangu. Kadzo alikuwa na vitu vyake vingine."

Watu wetu walinijia juu. Walisema nitawauza kwa watu wa chini, walisema wewe ungelia. Nikafikiri sana. Wewe ungelia? Wewe ungenipiga kibao, kisha ungeupeleka ufunguo mwenyewe.

Leo asubuhi nimeutoa, pande zote mbili zikiona. Nimesema nilichofanya, kwa sauti, bila kupunguza na bila kuongeza, na hiyo ya kutoongeza imenishinda kuliko zote. Mama Sidi ameuvaa pamoja na kikamba chake. Nilitaka kumwomba kile kikamba, maana ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho kilichosuguliwa na vidole vyako mpaka kikalainika. Nikakiacha kiende. Ninautazama ufunguo ukining'inia shingoni kwake, na kifua changu kimebaki chepesi vibaya.

Zamu ya leo ni yao, kwa hiyo kuni ni zetu. Nimezileta mimi. Nimekata mkanju mbichi, majani bado yadondosha maji. Moshi umetanda mpaka viboko wamehama upande. Watu wetu wamenuna, watu wa chini wamecheka mpaka wakashika mbavu, na Mama Sidi kaniambia, "Karisa, kwa kuni hizi tutakula kesho." Nikamwambia sina haraka. Jua limeshapinda na pure ingali ngumu, na maji yanaendelea kushuka kwao, mstari kwa mstari.

Kiti hiki ni kigumu, Shangazi. Sijui ulikiwezaje miaka yote. Nimekukumbuka kwa namna ambayo sina lugha yake, hata kwa Kiitaliano.

Nakuaga hapa, moshi wanizidi. Ahadi yangu ni hii: mgeni yeyote atakayepanda boti yangu atalisikia jina lako kabla hajalisikia langu, na ataambiwa ni nani waliobeba mchanga. Wajua itakavyonigharimu. Lala salama. Kijana wa chini amekuja sasa hivi mbio kutoka shambani, matope mpaka magotini. Asema maji yamefika mstari wa mwisho.

Mpwa wako,
Karisa