Wodi ya Wazazi ya Tolliver

Tolliver, Nebraska
4 Machi

Mwanangu Darla,

Natumaini u mzima huko Chicago. Mimi sijambo, ila goti linanisumbua baridi ikizidi. Salamu ndizo hizo, sasa tuzungumze.

Makala yako kuhusu mji wetu nimeisoma. Wilma aliibandika ukutani mgahawani kwake kabla hajaisoma, kwa fahari, maana ulimfanyia kazi pale enzi za shule. Alipofika ulipoandika kwamba "anakoroga supu kwa ajili ya viti vitupu," akaibandua. Darla, ulikuja Jumatatu! Jumatatu Wilma hufunga. Alikufungulia kwa sababu ni wewe.

Eti "mji unaosubiri kufa." Nani anasubiri? Nina miaka sabini na mmoja na mahindi ya kupanda. Sina nafasi ya kusubiri chochote.

Baba yako,
Milo

Chicago
17 Machi

Baba mpendwa,

Pole kwa goti. Mimi ni mzima, ingawa barua yako imeniharibia wiki.

Kwa Wilma nimekosa, nitamwomba radhi. Lakini duka la dawa limefungwa, Baba. Mtaani kwetu nyumba saba zimepigiliwa mbao madirishani. Nisiyaandike hayo? Niandike pai na gwaride tu? Niliandika pia juu ya wodi ya wazazi, na muuguzi Bonnie aliyezalisha nusu ya mji. Mhariri akakata yote. Nikasirikie, lakini kwa nililolifanya.

Mwanao,
Darla

Tolliver
24 Aprili

Darla,

Sisi wazima, kama bado unauliza.

Jana watu wa kampuni yenye hospitali walituita ukumbi wa shule. Wanafunga wodi ya wazazi tarehe moja Juni. Mmoja wao, kijana mwenye tai, akatoa makala yako mfukoni akasoma: "Mji unaosubiri kufa." Akasema, "Si maneno yetu. Ni ya binti wa hapa hapa."

Bonnie akasimama. "Shelby Kucera anajifungua Julai. Azalie wapi?"

"Kuna hospitali nzuri sana maili sabini na mbili tu."

"Na mtoto akikataa kusubiri?"

Yule kijana akatazama saa yake. Wilma naye akanigeukia mbele ya watu wote: "Milo, kumbe binti yako siku hizi ndiye wakili wao?"

Kiangazi hiki usije.

Baba yako

Chicago
2 Mei

Baba,

Nakusalimu, ingawa simu zangu tisa hukupokea.

Sijalala vizuri tangu barua yako ifike. Wamechukua maneno yangu wakayafanya kisu. Bodi ya hospitali inapiga kura juu ya wodi tarehe kumi na nne, nami nitakuja, utake usitake. Usiponifungulia mlango, nitalala hotelini kule barabara kuu.

Mwanao,
Darla

Chicago
20 Mei

Baba,

U hali gani? Nauliza kwa barua kwa sababu tulipokuwa ukumbi mmoja hukunitazama.

Ulisikia nilivyowaambia: mimi ndiye niliyeandika, niliandika nusu ya ukweli, na sentensi yangu haiwezi kuwa sababu ya kumnyima mama mahali pa kuzalia. Walizima kipaza sauti. Wilma akapaza sauti, "Mwacheni aseme!" Wilma, Baba, mwenye haki ya kunichukia kuliko wote! Kisha wajumbe watano wakanyoosha mikono wodi ifungwe, wawili wakakataa, ikawa basi. Nilipogeuka nikutafute, ulikuwa umekwisha toka kwa mlango wa pembeni.

Niandikie mstari mmoja tu.

Mwanao

Tolliver
19 Julai

Mwanangu Darla,

Nisamehe kwa miezi miwili ya kimya. Nina afya. Hapa hakuna mwingine wa kusema hivyo.

Jumatano saa nane mchana Shelby alishikwa na uchungu, wiki mbili kabla ya wakati. Travis, mumewe, alikuwa mbali mashambani, basi nikamchukua mimi kwa gari langu, Bonnie nyuma naye. Tulipofika maili ya arobaini mtoto akaja, kitovu kimemzunguka shingo. Nilisimamisha gari kando ya mahindi. Bonnie alimpulizia pumzi mpaka midomo yake mwenyewe ikabadilika rangi. Mtoto akalia mara moja. Aliishi dakika ishirini.

Pale pale Bonnie akaniambia, "Milo, wodini hili ningelimaliza nikiwa nimekaa."

Shelby anapona. Kampuni imemletea maua, na kadi yenye jina la "Shelly." Travis aliyatupa barabarani, nami nikayapitia na gari makusudi.

Watu wa televisheni wamepiga simu, Shelby amewakataa. "Namtaka Darla," ananiambia. Nikamuuliza kwa nini wewe. "Kwa sababu alirudi akatutazama usoni."

Siku ile ya kura nilitoka kwa sababu nilikuwa nalia, na sikutaka uone. Nilipaswa kukuambia Mei.

Mtoto anaitwa Anton Lyle Kucera. Shelby anataka jina lake liandikwe lote, na majina ya wale wajumbe watano pia. Tunamzika Jumanne saa nne asubuhi. Nitakuja kukupokea kituoni Omaha mwenyewe.

Baba yako,
Milo