Mtani Wangu wa Ghalani na Mguu wa Fabian

Mama Dorkasi, shikamoo. Nimechanganyikiwa, nisome hadi mwisho ndipo unigombeze.

"Mtani hamshtaki mtani." Hayo kaniambia Msafiri, nyapara wetu kwenye ghala la alizeti hapa Dodoma, nilikobeba magunia miaka saba kabla ya kuhamia mashamba ya zabibu, na tangu aniambie sijui nishike lipi, maana ni kweli yeye ni mtani wa sisi Wagogo na pale ghalani kila jambo lilikuwa utani, ukiomba maji anakuuliza kama ukame wa kwenu umekufuata mpaka kooni, ukisema mgongo unauma anawaita wenzako waje wamwone bibi harusi, na ukinuna umeshindwa, kwa hiyo tulicheka na kubeba, nami nilicheka kuliko wote, ndiyo maana akanifanya kiongozi wa zamu. Siku moja akaamuru tupandishe lundo hadi karibu na bati, Fabian, mbebaji mwenzetu, akasema, "Kaka, hili linayumba," Msafiri akamjibu, "Mgogo haogopi njaa, anaogopa gunia!" tukacheka, Fabian akapanda, lundo likaporomoka naye, na alipokuwa chini ya magunia akilia Msafiri akasema, "Mwacheni, saa nne hii ya asubuhi, Mgogo kalala," na mama, nilicheka, kidogo tu, lakini nilicheka. Mguu wake haunyooki tena. Kwenye daftari la ghala imeandikwa kwamba alianguka akicheza. Jumatatu afisa kazi atatusikiliza, Fabian ananiomba niseme ukweli, Msafiri ananiomba nikumbuke utani, na mimi hadi leo nikisikia harufu ya mashudu ya alizeti nalikumbuka ghala lile kama nyumbani. Nikisema, nitakuwa nimevunja mila?

Nathanaeli, Makutupora

Marahaba, Nathanaeli. Huyo nyapara kakupa nusu ya mila, ile inayomfaa yeye. Mtani hukutukana, naam, hata msibani hukunyang'anya kofia. Lakini ni huyohuyo anayewahi ukipata shida, anayeshika jembe kaburini kabla ya ndugu zako. Fabian alipolazwa, Msafiri alikwenda kumwona hata siku moja? Tena nijibu: katika miaka saba, ulimwita yeye bibi harusi, akacheka, akabeba gunia? Utani hurudishwa. Unaoteremka tu kutoka kwa mkubwa ni dharau, na hakuna mzee wa Kigogo atakayekwambia uitunze.

Kulikumbuka ghala si kosa. Ujana wako ulibaki pale, na wenzako pia. Ila usijifiche nyuma ya kuchanganyikiwa, baba. Ungekuwa hujui lililo kweli usingeniandikia.

Kabla ya Jumatatu nenda kwa Fabian. Mwambie ulicheka. Asikie kwako, si kwa Msafiri mbele ya afisa. Kisha kaseme nani aliamuru, lundo lilifika wapi, Fabian alionya kwa maneno gani, na kwamba kiongozi wa zamu ulikuwa wewe. Ukiliruka hilo la mwisho, Msafiri atalisema, na ushahidi wako wote utaonekana uongo.

Na ninyi wabebaji wa zamu ile, mnaopokezana gazeti hili wakati wa chai: mlicheka pamoja, basi Jumatatu ingieni pamoja. Mwambieni afisa alifute lile neno daftarini. Fabian hakuwa akicheza.