Khatibu Yumo Ukutani

Bellevue, Johannesburg
4 Mei 2025

Mwanangu Samira,

Assalamu alaikum. Barua pepe hii ikukute safarini. Sisi hatujambo, ila mama yako hali chakula vizuri. Wapangaji wa vyumba vya mbele wanakusalimu.

Ningekwenda Italia mwenyewe, lakini kibali changu cha ukaazi kingali ofisini, na nikitoka nchini sitaruhusiwa kurudi. Hakikisha kaka yako Khatibu amelazwa kwa ubavu wa kulia, uso ukielekea Kibla. Wenyeji walimzika kabla hatujapata habari za kifo chake. Hawakuwa na wa kumwuliza. Ikiwa hakulazwa hivyo, omba kwa adabu arekebishwe. Mama yako anataka udongo kidogo wa kaburi. Si sharti la dini, lakini mletee.

Baba yako,
Mwadini

Umbria, Italia
8 Mei

Baba,

Waalaikum salaam, na shikamoo. Nimefika salama. Presha yako je?

Mji uko kileleni, umezungushiwa ukuta wa mawe wa karne za kati. Vichochoro ni ngazi tupu. Watalii wanapiga picha, mimi napita katikati yao nikiulizia makaburi.

Eish, Baba. Hawakumzika ardhini. Wamemwingiza katika tundu la ukuta wa saruji, kama droo, wakaziba kwa marumaru. Yuko safu ya nne. Nilipanda ngazi ya chuma nikagusa jina lake. Tundu ni jembamba, hageuziki.

Mwanao,
Samira

Bellevue
9 Mei

Samira,

Alhamdulillahi umefika. Presha yangu ni nzuri. Hilo “eish” la vijana wa Johannesburg waachie wenzako wa Sandton.

Nenda kwa msimamizi. Mwambie mwanangu ni Mwislamu, anahitaji ardhi. Mlima mzima hauwezi kukosa kipande. Mama yako nimemwambia kaburi ni zuri.

Baba

Umbria
12 Mei

Baba,

Shikamoo. Nyote hamjambo?

Msimamizi alinisikiliza vizuri mpaka nikaona haya. Mlima ni mwamba, na ardhi kidogo iliyopo imejaa. Tundu lile bibi mmoja mjane alijiwekea mwenyewe, kando ya mumewe. Khatibu alipoanguka na kufa akimpogolea mizeituni, bibi akampa yeye tundu hilo. Humpelekea maua. Nilipokutana naye, alinishika mikono akaniuliza, “Nimemweka pazuri?” Nikasema ndiyo. Ningesema nini, Baba?

Udongo hakuna. Nifanyeje?

Samira

Bellevue
17 Mei

Mwanangu,

Salamu nyingi. Nimechelewa kukujibu. Nimemwuliza imamu, akaniombea subira.

Rudi nyumbani. Mshukuru yule bibi kwa niaba yangu. Usichukue udongo wa bustani. Mama yako nimemweleza ukweli. Hakulia. Aliuliza jambo moja tu: mvua ikinyesha, ukuta ule hauvuji?

Baba yako