Geti Ulilolifungua Asubuhi

Mama,

Chai iko kwenye chupa. Ile sufuria ndogo usiitumie kupikia, nilichemshia beringi kwenye oili. Najua utanisema.

Injini ya pikipiki ya marehemu baba ilipowaka asubuhi, ikakohoa moshi na kunguruma kidogo kabla ya kuzima, niliruka kwa furaha. Kugeuka, nikakuona umeshafungua geti, kitambaa cha vyombo begani, umesimama pembeni kama zamani ulipokuwa ukimpisha. Hakuwahi kupiga honi. Ulimjua tangu akiwa kule konani. Ukasema, "Mazoea yana taabu, mwanangu," ukaingia chumbani, ukafunga mlango.

Sikukusudia kukutonesha kidonda. Nilitaka ile sauti irudi nyumbani, basi.

Mnunuzi wa vyuma chakavu akija kuichukua pikipiki, ~~mpe tu, kama kuisikia kunakuumiza~~ mwambie asubiri hadi kesho. Tafadhali, mama.

Nimekwenda gereji kuomba kipande cha gasketi, oili inavuja. Jioni nitaiwasha tena, lakini nitakuita kwanza. Geti nitafungua mimi. Wewe utapanda nyuma, mahali pako.

Bintiyo msomi,
fundi wa kuungaunga