Dripu ya Tano

4 Februari

Binti wa kaka yangu,

Salamu nyingi. Afya yangu usiiulize. Jongo limenivimbisha vidole hadi havipiti kwenye mkasi. Cherehani nimeifunika shuka mwezi wa tatu sasa, kama maiti. Wateja wamehamia kwa yule mwanamke wa kona asiyejua hata kupiga pindo. Mama yako anasema huko maabara mnatengeneza dawa ya jongo. Wewe, uliyenishinda kukufundisha kutia uzi kwenye sindano? Kama ni kweli, nisaidie. Kama ni uongo, mwambie mama yako apunguze maringo ndani ya nyumba yangu.

Shangazi yako


20 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, ni mafua tu. Pole sana na mikono.

Ni kweli. Jongo linaletwa na asidi inayojazana kwenye viungo. Ipo protini inayoivunja asidi hiyo, lakini ukidungwa kama ilivyo, mwili unaifukuza upesi. Kazi yangu ni kuibandika nyuzi za polima, kitu cha kutengenezwa kiwandani, ili ikae kwenye damu siku nyingi. Kazi yenyewe ni ya kupimapima: nyuzi zikipungua, inafukuzwa; zikizidi, zinaiziba, inabaki kuzurura mwilini bila kufanya lolote.

Hospitali ya hapo kwenu inatafuta watu wa kuijaribu. Nimewaandikia habari zako. Ni dripu moja kila wiki mbili. Ila sikia vizuri: kabla ya kila dripu, damu yako italetwa kwetu. Miili mingine hujifunza kuzipiga vita zile nyuzi. Asidi ikipanda tena, dripu zinasimama hapohapo, maana inayofuata inaweza kukuua. Mimi ndiye ninayempigia daktari simu.

Msalimie Mama. Mwambie asibebe ndoo.

Mwanao


28 Aprili

Mwanangu wa damu,

Marahaba, marahaba mara mia! Leo nimemaliza dripu ya nne. Mimi ni namba kumi na saba, na wauguzi wananiita Bi Harusi. Vidole vimenyooka. Jumatatu nimekata magauni sita, na yule wa kona alipita akajifanya hanioni.

Nisikufiche. Mikono ilipopona, nilianza na nyumba. Kaka yangu ana miaka miwili kaburini. Mjane wake anakaa kwangu anasubiri nini? Nimemtolea virago nje ya geti, mimi mwenyewe, bila kusaidiwa na mtu. Hata godoro nimelikunja kwa mikono hii! Simu nimebaki nayo, ilikuwa ya kaka yangu. Alilia. Nikamwambia, "Mshukuru binti yako, dawa yake kiboko."

Kaza buti hivyohivyo.

Shangazi yako


7 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini u mzima.

Mama yuko wapi?

Kuhusu damu yako, sina jipya. Nenda kwenye dripu ya tano kama ulivyopangiwa.

Mwanao


2 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Ananiandikia muuguzi. Dripu ya tano haikufika hata dakika kumi. Midomo ilivimba, koo likafunga, nikasikia wanaitana mbiombio. Nimeamka siku ya tatu, ulimi mzito. Na jongo limerudi na nduguze wote: kijiko sishiki, kifungo sifungi.

Daktari anadai hukumpigia simu. Nimemgombeza mbele ya watu. Nimemwambia binti wa kaka yangu hawezi. Ile karatasi ya majibu ya damu ilipotea, sivyo? Na dawa nyingine ipo?

Shangazi yako


15 Juni

Shangazi,

Mimi ni mzima.

Karatasi haikupotea. Asidi ilikuwa imepanda mara tatu, na simu ilikuwa mbele yangu. Nilisoma tena barua yako, pale penye godoro. Nikaichukua karatasi ya namba kumi na saba, nikaiweka chini kabisa ya nyingine, nikaenda kula.

Dawa nyingine yoyote yenye nyuzi hizi, mwili wako utaipiga vita vilevile. Kaa na vidole vyako.

Nilifanya kwa ajili ya Mama. Ichome barua hii, yeye asijue.

Binti wa kaka yako


1 Julai

Binti wa kaka yangu,

Mwandiko huu unaujua.

Mama yako alirudi siku niliyotoka hospitali. Alikuwa akilala kwenye stoo ya muuza mkaa. Hakuna aliyemwita. Ananilisha, ananiosha, ananifunga nguo. Barua zako ni yeye anayenisomea, kwa sababu kuzifungua siwezi.

Hii aliisoma kwa sauti hadi pale penye simu, akaanza kuikunja. Nikamwambia, "Endelea, wifi." Akasema mengine hayasomeki, wino umefifia. Nikamwambia aanze upya, tangu "mimi ni mzima". Aliisoma yote.

Mimi ni katili, sikatai. Lakini mimi nilimtoa nje mchana kweupe, majirani wanaona, na sikumwambia mtu kwamba ni kwa ajili yake.

Daktari nimemwambia sijapata barua yoyote kutoka kwako. Sikukuhurumia wewe. Nimemhurumia huyu anayeandika, ambaye tangu jana hajala.

Nimemwambia akiwa na neno kwako, aliandike chini ya jina langu.

Shangazi yako