Kitanda Kidogo cha Ilomba

Ilomba, Mbeya
Mei

Dada Bertha mpendwa,

Pokea salamu zangu kutoka kwenye baridi hii inayoanza. Kidonda cha operesheni kimekauka? Shemeji Kasian na Goodness hawajambo huko Iringa? Mimi mzima, ila nyumba imetulia mpaka nasikia friji ikiwaka na kuzima. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ungenikatisha.

Kazini bado nashughulikia makaratasi ya maparachichi yanayokwenda nje. Uliwahi kuniuliza tunawaaminije wanunuzi tusiowajua, nikakujibu ovyo. Ni hivi: sisi tunasafirisha mzigo, mnunuzi analipa baadaye. Lakini kwanza benki yake inatupa barua ya dhamana, kwamba asipolipa, italipa yenyewe. Akilipa vizuri, barua inakaa tu kabatini mpaka muda wake uishe. Hakuna anayeombea itumike.

Mwaka huu ilitumika. Mnunuzi alikwama, na bosi wetu Asukile akaniambia niandike tamko kwamba hajalipa, neno kwa neno kama barua inavyotaka, niambatanishe nakala ya ankara, nipeleke benki kabla tarehe haijapita. Benki haikuuliza nani mkorofi. Ilitazama karatasi, ikalipa. Ofisini walinunua soda. Mimi nilikosa raha, maana yule mtu alikuwa hakosi kunijulia hali kwenye baruapepe, na sasa haandiki tena.

Dada, Goodness alipobatizwa nilisimama mbele ya mchungaji kama msimamizi wake, nikaahidi kwamba ninyi mkishindwa, nitamlea. Kabla hujaingia kupasuliwa ulinikumbusha ahadi hiyo, nikalia. Nilikuombea upone, kweli kabisa. Lakini wiki ileile nilikwenda soko la Mwanjelwa nikanunua kitanda kidogo na shuka za maua. Wakati nakitandika, nilifurahi. Wewe ulikuwa umelala hospitali, nami nikafurahi. Naona aibu kukuandikia hili, ila upweke ndio umenifikisha huko.

Umepona, namshukuru Mungu, na kitanda kiko palepale. Nakuomba, shule zikifungwa mlete Goodness alale hapa japo wiki moja, mama yake akiwa hai na mzima. Shuka nimezitoa, nimezifua. Njoo umtandikie wewe mwenyewe.

Msalimie sana shemeji, na umbusu mtoto kwa niaba yangu.

Mdogo wako akupendaye,
Tusajigwe