Beringi za Gari la Baba

Nyumbani kwa Mama,
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwetu. U hali gani? Kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimepona? Na wifi yangu na wale mapacha wanaendeleaje? Sisi hatujambo kwa neema ya Mungu. Mama ni mzima, ila masikio yanazidi kuwa mazito. Ukitaka akusikie, lazima jirani wa tatu naye akusikie.

Sasa kaa kitako, maana naandika kwa furaha, na nina la kuungama.

Ulipoandika kwamba gari la Baba apewe mtu wa vyuma chakavu, niliikunja barua yako nikaitia sandukuni. Gari alikuachia wewe kwa kinywa chake, nami nilikuwepo. Lakini moyo ulikataa. Nikaenda kwa mkereza vyuma, yule tunayemwita Kinanda kwa sababu haachi kuvumisha nyimbo puani, nikamwomba aifungue injini. Nimekukosea, nisamehe.

Unakumbuka Baba aliliegesha siku lilipoanza kugonga tumboni. Kumbe krenki yenyewe, ule mhimili unaozunguka ndani ya injini, ni nzima! Ugonjwa ni beringi zake, vile vikombe nusu vya shaba inamolalia, ambavyo ndani vina ngozi ya madini laini ya bati na risasi. Ngozi hiyo imelika. Na za gari lile haziuzwi dukani. Ni kuyeyusha na kumimina wenyewe.

Mara ya kwanza niliharibu mimi. Kinanda aliniachia vikombe nivisafishe, nawe unanijua kwa usafi. Nikavisugua kwa sabuni na maji mpaka vikang'aa, nikavifuta harakaharaka, nikampelekea kwa majivuno. Alipomimina, madini yakaruka kama mafuta ya moto yaliyodondokewa na maji! Tulikimbia wote, na shemeji yako ndiye aliyetangulia. Beringi ikatoka na matundu kama sifongo.

"Dada," Kinanda akaniambia, "hii ni injini, si sufuria. Moto na maji havipatani."

"Mimi nilidhani usafi ni ibada."

"Basi ibada yako ilitaka kutupeleka mbinguni leo leo."

Nilicheka, lakini ndani niliogopa. Madini yalikuwa yale yale tu. Tuliyaokota sakafuni punje kwa punje. Yakiharibika tena, hakuna mengine.

Mara ya pili tulikwenda kwa adabu. Vikombe vikapashwa moto mpaka tone la maji likakauka papo hapo. Vikapakwa bati, ili madini mapya yashike. Kinanda akachovya kijiti kwenye madini, kikawaka. "Bado, yamezidi moto." Akangoja, akachovya tena, kikatoka cha kahawia bila kuwaka. Nikasali kimyakimya. Akamimina kwa pumzi moja, maana ukisita katikati zinabaki nyufa.

Vilipopoa akavigonga kimoja kimoja kwa nyundo ndogo. Ambacho hakikushika hulia du, kama chungu kilichopasuka. Vyote sita vikalia ngiii! Nilimkumbatia shemeji yako mbele za watu, mzee wa watu akaona haya.

Halafu ikaja kazi ya subira. Kinanda alivikereza, lakini kumalizia ni kwa mkono: unaipaka krenki rangi ya buluu, unaizungusha, unafungua, palipogusa buluu ndipo palipoinuka, unapakwangua kidogo sana, unarudia. Siku kumi na moja, mdogo wangu! Na mimi huyu niliyeishia darasa la sita, Kinanda anasema mkono wangu ni mwepesi kuliko wa mafundi wake wote.

Jana shemeji yako akapiga hendeli, kile chuma cha kuwashia injini kwa mkono. Mara ya tatu injini ikaitika, ikatulia, haigongi hata kidogo! Tukamleta Mama. Hakusikia kitu, akaweka kiganja juu ya boneti, akakiacha hapo. Shemeji yako alipotaka kuizima, Mama akamwambia, "Ngoja kwanza, mwanangu."

Sasa kuhusu mtu wa vyuma chakavu. Amekuja mara mbili. Anasema ana ruhusa yako, na ni kweli. Atarudi tarehe 30 na lori. Siwezi kumdanganya, wala sitalificha gari kwa jirani, ingawa shemeji yako ameshapima upana wa mlango wa banda lao. Mali ni yako na kauli ni yako. Ukisema lichukuliwe, nitamfungulia geti mimi mwenyewe. Ila nakuomba, mdogo wangu, usiseme hivyo.

Nisalimie wifi, uwabusu mapacha, na mjomba ukimwona mwambie Mama anamuulizia. Mwenyezi Mungu akulinde utokapo na uingiapo.

Tafadhali nijibu upesi, barua ifike kabla ya tarehe hiyo.

Ni mimi dada yako, nikupendaye siku zote.